Pampu Mbili na Kalamu Nyekundu

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kwa sababu kuna mahali katikati ya barua hii najua utanikasirikia.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, ana miaka kumi na mmoja, nyumbani tunamwita Chiriku kwa kuwa tangu alipojua kusema hajapumzika, na kazi yangu ni mtunza stoo katika duka la pampu za maji na vipuri vyake, huu ni mwaka wa kumi na mbili. Nina tabia ya kuandika. Kila siku naandika shajara yangu, tarehe juu, mambo chini, na hata sasa nakuandikia shajara ikiwa wazi pembeni ili nisikosee tarehe hata moja.

Mwanangu ana kisukari, kile cha utotoni ambacho mwili hautengenezi insulini. Kiligundulika tarehe 9 Agosti mwaka juzi baada ya kuanguka mstarini shuleni, na tangu siku hiyo anachomwa sindano nne kwa siku, tatu nyumbani na moja ya mchana shuleni ambayo anajichoma mwenyewe, na kila kabla ya sindano anatobolewa kidole apimwe sukari, halafu anapima tena saa nne asubuhi akiwa shuleni, mpaka ncha za vidole vyake zimekuwa kama kichujio cha chai.

Tarehe 17 Februari, Jumatatu, nesi wa kliniki ya kisukari alituita wazazi kumi na watatu akatuambia kliniki imepata pampu nne za insulini kutoka kwenye mradi, pamoja na vifaa vyake vyote, kwa hiyo kulipa si suala, linalotakiwa ni daftari. Alitueleza kwamba pampu inachukua nafasi ya sindano, inampa mtoto insulini kidogo kidogo mchana kutwa na usiku kucha, na wakati wa kula unabonyeza inaongeza, kwa hiyo inafaa nyumba inayopima na kuandika. Atakayeleta daftari la miezi mitatu lenye vipimo vyote na dozi zote ndiye atakayefikiriwa kwanza. Mshauri, nilitoka pale nikitabasamu peke yangu njiani. Wazazi wenzangu walikuwa wanaulizana ni daftari la namna gani, na mimi niliona nimeitiwa mtihani ambao nimeusomea maisha yangu yote.

Nikapiga mistari siku hiyo hiyo. Sukari ikiwa kati ya nne na kumi naandika kwa kalamu ya bluu, ikipita kumi au ikishuka chini ya nne naandika kwa nyekundu, kama tunavyofanya dukani, kipuri kizima bluu na kibovu nyekundu, ili mtu akitupa jicho mara moja ajue hali ya stoo. Vipimo vya nyumbani nilisoma mwenyewe kwenye mashine ya nyumbani. Vya shuleni, cha saa nne na cha mchana, Chiriku alinitajia jioni akiwa anavua viatu, mimi nikaandika, pamoja na dozi ya mchana. Wiki ya kwanza ukurasa ulikuwa kama una surua. Nikamwonyesha, nikamwambia, "Unauona huu? Huu hautupatii pampu." Kufika katikati ya Machi vya shuleni vilikuwa bluu tupu, nikamsifia mbele ya baba yake, nikasema binti yako ameanza kuelewa.

Tarehe 19 Mei nilipeleka daftari kliniki, wakamtoa Chiriku damu ya kile kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu kwa jumla. Tarehe 27 Mei tukaitwa. Tumepata nafasi. Lakini nesi alikuwa amekunja uso, akaniambia, "Mama Chiriku, daftari lako na damu ya mtoto haviongei lugha moja. Daftari ni zuri mno, damu ni mbaya." Nami nikamjibu mbele ya watu kwamba kama kuna kitu cha kukaguliwa basi ni mashine ya maabara yao, kwa sababu daftari langu halina kosa, na kama wanataka kujua kutunza kumbukumbu ni nini waje dukani kwetu niwafundishe. Nilirudi nyumbani nimeshinda.

Siku hiyo walituonyesha pampu mbili za kuchagua. Ya kwanza ni ya mrija, ina ukubwa wa kiberiti, unaibana kiunoni, na mrija mwembamba unatoka humo mpaka kwenye kisindano kinachokaa tumboni. Ya pili ni ya kubandika, kama nusu ya yai, inagandishwa mkononi au pajani bila mrija wowote na unaiongoza kwa kidude cha pembeni kama simu. Zote mbili, walisema, zinafanya kazi vizuri. Tuamue hadi Ijumaa tarehe 13 Juni.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ni mwalimu wa nidhamu kwenye shule hiyo hiyo anayosoma Chiriku, na Jumapili tarehe 1 Juni alikuja, akavua viatu, akakaa kama mtu aliyekuja kusoma hukumu.

"Mchukulie ya kubandika," alisema. "Inakaa chini ya mkono wa sare, hajui mtu. Hiyo nyingine mtoto atatembea na kidude kiunoni kama mlinzi na redio yake."

"Wanaojua wajue," nikamwambia.

"Wifi, huyo ni mtoto wa kike."

"Kongosho lake halina habari hiyo."

"Tatizo lako unapenda watu waone umebeba mzigo."

"Na wewe unapenda mzigo ubebwe kwapani."

Nikamweleza kwa utaalamu, mshauri, kwamba nimetoa pampu stoo miaka kumi na miwili na pampu nisiyouona mrija wake siiamini. Maji yakikata, cha kwanza nakagua mrija, kama umekunjwa, kama una hewa, kama unavuja kwenye kiungo. Hiyo ya kubandika ikiziba nitaona nini? Akasema nesi alieleza kwamba ikiziba inalia. Nikamwuliza, na watoto wenzake wakiwa wanapiga kelele uwanjani? Naye akaniuliza, na mrija ukinasa kwenye kitasa cha mlango? Hapo alinipata lakini sikumwonyesha. Mume wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma na hupenda amani kuliko chakula, alikuwa anamenya chungwa, akasema, "Kwani mashine anavaa nani kati yenu wawili?" Wote tukamwambia anyamaze.

Na Chiriku naye wiki nzima hiyo alikuwa ananiudhi kwa mambo ya kitoto. Jumatatu alijibandika kifuniko cha chupa mkononi kwa plasta akashinda nacho, Jumanne akafunga kiboksi cha kiberiti kwa kamba akakipachika kwenye sketi, akalala nacho. Plasta zangu nzuri zote zimekwisha, na nilimgombeza.

Sasa nafika pale nilipokwambia. Jana, Jumatano tarehe 4 Juni, nilipita shuleni saa tisa kubadilisha betri ya kipima sukari cha shuleni, kinachokaa kwenye kabati la wifi pamoja na kichupa cha insulini. Kabla ya kutoa betri nikabonyeza kumbukumbu ya mashine, mazoea tu ya kazi, sifungi kitu bila kusoma kilichomo. Kwenye daftari langu, tangu tarehe 18 Februari hadi 16 Mei, kuna vipimo vya shuleni mia moja na vinne. Kwenye mashine kuna kumi na vitatu. Kumi na vitatu, mshauri, na kati ya hivyo kimoja tu ndicho tisa nukta moja, vilivyobaki ni kumi na saba, kumi na tisa, kuna siku ina ishirini na mbili nukta tano, na siku hiyo mimi kwenye daftari nina saba kwa bluu na nyota ndogo nimemchorea pembeni.

Nikakumbuka kichupa. Huwa nakibadilisha kila mwanzo wa mwezi kwa kuwa kikishafunguliwa hakitakiwi kuzidi mwezi mmoja. Naangalia tarehe, natoa cha zamani, naweka kipya. Sijawahi kuangalia kimebaki kiasi gani. Mimi, mtunza stoo. Cha Mei kilikuwa bado kwenye mkoba wangu sijakitupa, nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha la wifi, na kilikuwa karibu kimejaa.

Jioni nilimkuta Chiriku jikoni anakausha vikombe.

"Tarehe 12 Mei mchana ulinitajia sita nukta nane," nikamwambia. "Ulipima wapi?"

"Shuleni."

"Mashine haina."

Akakausha kikombe kimoja muda mrefu. "Mama, wewe unapenda bluu," akasema. "Nilikuwa nakupa bluu."

"Na sindano ya mchana?"

"Ile ni mpaka niende stoo ya vifaa vya michezo. Shangazi alisema nisipimie darasani, nisionekane, niingie mule nifunge mlango. Mna giza na mna panya. Nikitoka wanauliza nimeiba nini. Wananiita Panya wa Stoo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeandika nyekundu."

Mshauri, sikulia mbele yake. Lakini pia sikumpigia nesi. Nilimwambia Chiriku asimwambie mtu, wala baba yake, wala shangazi yake, tukae kimya mpaka pampu ifungwe, kwa sababu kuna watoto tisa nyuma yetu kwenye orodha na wakijua daftari ni la uongo wataitoa nafasi yetu asubuhi hiyo hiyo, na pampu ikishafungwa hakutakuwa tena na sindano ya mchana wala stoo wala panya, mashine itafanya kazi yake na yaliyopita yatakuwa yamepita. Chiriku aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona anaitikia kwa kichwa.

Kwa hiyo naomba unijibu swali moja tu, pampu ipi? Mimi nasema ya mrija na iwe juu ya sare, iwe juu kabisa, ionekane, mwanangu hakuiba huo ugonjwa. Usinishauri nimsikilize wifi. Sitamsikiliza. Sitaki mwanangu afichwe.

Ni mimi,
Mama Chiriku, mtunza stoo

*

Mama Chiriku,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na nimekukasirikia pale pale uliponionyesha. Barua yako ilinifikia Ijumaa. Nimeitoa kwenye foleni na kuiweka kwenye gazeti la leo Jumatatu, na wale wanaosubiri majibu ya mapenzi watanisamehe, mapenzi yao yatakuwepo wiki ijayo.

Pole kwanza, na naisema kwa moyo. Miaka karibu miwili ya kumtoboa mtoto vidole si kazi ndogo, na mama anayepiga mistari kwenye daftari akitoka kazini ni mama anayepigana. Sijamsoma mzembe katika barua hii. Ningemsoma mzembe ningeandika kwa upole zaidi.

Unaniuliza pampu ipi. Nakujibu hivi: yoyote kati ya hizo mbili itamdhuru binti yako ikifungwa kwa kufuata daftari hilo. Mimi si daktari, kwa hiyo Ijumaa hiyo hiyo nilimpigia nesi mmoja anayehudumia watoto wa kisukari, nikamsomea vipande vya barua yako bila kutaja jambo la kukutambulisha. Alinikatiza kabla sijamaliza. Akaniambia pampu kama hizo mlizoonyeshwa haigundui chochote yenyewe, inapewa kiasi, na kiasi kinatolewa kwenye kumbukumbu za mzazi na dozi za kila siku. Na wewe ungeyajua haya kabla yangu kama usingekuwa na haraka. Pampu ya maji inasukuma ulichoipangia, haiulizi kama tangi limejaa.

Sasa tazama. Daftari lako linasema mwanao anapata dozi nne kwa siku. Kichupa ulichokiinua dirishani kinasema siku nyingi anapata tatu. Pampu itapangiwa za nne, nayo haitaogopa panya, itampa zote. Sukari yake inaweza kushuka mpaka aanguke tena kama alivyoanguka mwaka juzi. Mwaka juzi alianguka mstarini, watu wakamwona, wakamwokota. Safari hii anaweza kuangukia stooni alikoingia kupima, mlango ameufunga kama alivyoagizwa.

Hilo ndilo ulilomwambia mtoto wa miaka kumi na mmoja alinyamazie.

Unanichekesha na kunisikitisha kwa wakati mmoja, Mama Chiriku. Jumapili unamtolea wifi yako macho, hutaki mwanao afichwe, unataka mashine ikae juu ya sare dunia nzima ione. Jumatano unamfundisha mwanao kuficha. Wifi yako alimficha mtoto ndani ya stoo ya mipira, wewe umemficha ndani ya daftari, na daftari lako halina hata dirisha. Ugomvi wenu ule mzima ni wa wanawake wawili wanaofanya jambo moja kwa mikono tofauti. Na yule nesi uliyempa darasa mbele ya watu alikuwa anakuambia kweli. Damu ya mtoto ilikuwa sahihi kuliko kalamu zako zote.

Basi fanya hivi. Ukimaliza kusoma hapa, kabla hujakunja gazeti, mpigie nesi wa kliniki yenu. Leo, usingoje Ijumaa. Mwambie vipimo vya shuleni kwenye daftari si vya kweli, sindano za mchana zimerukwa, na umegundua tarehe 4. Usipunguze wala kuongeza dozi yoyote kwa akili yako kwa sababu ya niliyoyaandika mimi au utakayoyasoma popote, mwulize yeye sindano ya mchana ya leo iende vipi, maana mwili uliozoea kuikosa unahitaji mtu anayejua. Kisha nenda kliniki na mtoto, mashine zote mbili za kupimia, daftari lenyewe na kichupa cha Mei. Usinakili upya. Najua vidole vinakuwasha kunakili upya. Peleka na nyota uliyoichora.

Halafu mwombe nesi radhi kwa habari ya maabara, mbele ya watu kama wapo, kwa kuwa ulimsema mbele ya watu.

Wanaweza kuitoa nafasi yenu. Sitakudanganya kwamba haiwezekani. Wanaweza kusema anzeni daftari upya, miezi mitatu, mkae nyuma ya wale tisa. Ikiwa hivyo mtaanza upya na mtoto mtakuwa naye. Lakini usikubali kwa kuinamisha kichwa. Huo ubishi uliompelekea nesi siku ile ulikuwa mzuri, uliukosea mlango tu. Sasa una kazi nao. Waambie: huyu mtoto hakukosa nidhamu, alipelekwa gizani kila mchana na watu wazima, na akirudi nyumbani alikuta mtu mzima mwingine na kalamu mbili. Waulize ni mtoto gani anayehitaji kuondokana na sindano ya mchana kuliko huyo. Simama hapo uongee mpaka wakuchoke. Ukiwa na ukweli mkononi nakuruhusu kuwa mkaidi unavyotaka.

Kwa wifi yako nenda na mumeo, maana ni dada yake na yeye ndiye wa kuanza kusema. Mwambieni kuanzia sasa Chiriku anapima kwenye dawati lake, darasani, dirisha likiwa wazi, na sindano anachoma ofisini kwa mwalimu akiwepo mtu mzima anayemwangalia. Kidole kikitobolewa mara mbili tatu mbele ya darasa, ya nne hakuna atakayegeuza shingo. Usimwite mbaya. Alidhani anamlinda, kama wewe ulivyodhani. Lakini kama atasema habari ya mtoto wa kike tena, mwambie nimeuliza mimi mshauri: huyo aliyeitwa Panya wa Stoo, aibu yake ilitoka kwenye ugonjwa au ilitoka kwenye stoo? Asipojibu, mwendeeni mkuu wa shule, na wewe uandike tarehe.

Nimebakiza pampu. Barua yako ina tarehe kumi nzima. Ina maneno ya nesi, ya wifi, yako ya kitaalamu kuhusu mirija. Haina neno hata moja la Chiriku kuhusu mashine atakayokaa nayo mwilini akioga, akicheza, akilala. Mtu mmoja tu hapo sebuleni aliuliza swali la maana, akiwa anamenya chungwa, na mkamnyamazisha. Mwombe radhi na huyo.

Na ulisema mtoto anakuudhi kwa utoto. Mama, soma tena ulichoandika kwa mkono wako. Siku moja kifuniko cha chupa mkononi, siku ya pili kiberiti kiunoni, akalala nacho aone kama kinamchoma ubavuni. Huyo hakuwa anacheza. Alikuwa anazijaribu zote mbili, moja kila siku, kwa utaratibu, bila kumsumbua mtu. Wewe na wifi yako mmebishana wiki nzima bila kujaribu chochote. Sijui huo utaratibu kautoa wapi, lakini nadhani wewe unajua. Badala ya kumgombeza kwa ajili ya plasta, mwulize aliona nini. Kisha mwombe nesi, pampu za kufanyia mazoezi zisizo na dawa ndani zipo kwenye kliniki nyingi, avae moja siku tatu, nyingine siku tatu, hata kama Ijumaa itapita, na yeye ndiye aseme. Akichagua ya mrija usimringie wifi yako. Akichagua ya kubandika usinune. Yule nesi niliyempigia aliniambia pampu bora ni ile mtoto hataivua ukimpa kisogo, na mimi sina la kuongeza.

Mwisho, kalamu. Kipuri kibovu unakiandika kwa nyekundu kwa sababu utakirudisha kwa aliyekiuza. Sukari ya mtoto hairudishwi kwa mtu. Kumi na saba ni habari tu, inakwambia nini kifanyike saa hii, na mtoto akikuletea kumi na saba amekuletea kitu chenye faida kuliko bluu zote za daftari lako. Kwa hiyo rudisha ile nyekundu dukani ilikotoka. Jioni ya leo Chiriku akivua viatu, mpe yeye daftari na kalamu ya bluu, aandike namba ya mchana iliyo kwenye mashine, hata iwe ngapi, na wewe usitazame ukurasa, mtazame yeye.